Shamba la Mama Numbi na Kinu Nilichokiosha Mwenyewe

Sageni hewa. Kabla ya jani la kwanza, chukueni kinu kitupu cha maabara, mtie dawa zile zile, msage patupu kwa muda ule ule, na tyubu itakayotoka humo muiandike jina na kuipitisha katika hatua zote kama nyingine. Mtajiona mnacheza. Mimi pia nilijiona ninacheza, nikamcheka mtu aliyenifundisha, na kicheko hicho kikamgharimu mwanamke mmoja wa Naviundu, pembeni mwa mji wetu, shamba lake lote la malisho.

Mmeniomba niwaachie maelezo kabla sijaondoka. Mnaniita vieille, bibi kizee, na bado sijafika miaka arobaini, lakini baada ya miaka kumi na miwili mezani ngozi ya mikono yangu imekataa glavu na dawa, na daktari amesema basi. Mwongozo wa hatua kwa hatua upo kwenye faili la bluu karibu na mlango. Haya ninayoandika hapa hayamo humo.

Nilipoingia maabara hii nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Nikiambiwa mmea fulani huvumilia kiangazi, niliuliza nani aliupima. Nikiambiwa mashine imerekebishwa, niliuliza na nani, na kwa kipimo gani. Mama yangu, mshonaji wa Kamalondo, alisema siku nikifika mbinguni nitamtaka Mtakatifu Petro athibitishe kwamba zile funguo ni zake. Niliona ni sifa. Bado naona ni sifa, ila sasa najua ina upande wa nyuma.

Aliyenipokea ni Papa Kalenga, fundi wa maabara, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuwa na shahada hata moja. Alikuwa na mikono. Alijua kwa kugusa tu kama jani limekauka vya kutosha. Alijua kwamba unaandika bahasha kwa penseli, kwa sababu tone la pombe ya maabara hufuta wino wote na kukuachia majani yasiyo na jina. Alijua kwamba lazima uchume jani changa ambalo halijafunguka vizuri, asubuhi, kwa kuwa jani zee lina utelezi mwingi na vinasaba vyake hutoka kama uji wa bamia. Na alikuwa na sheria moja asiyoieleza: mmea mmoja, bahasha moja. Ukichanganya majani ya mimea mitatu ili kuokoa bahasha, alikumwagia yote kwenye ndoo mbele ya macho yako.

Kazi yetu ilikuwa kupima utofauti wa malisho ya jamii ya kunde, hasa stilo. Mnaijua: majani matatu matatu, maua madogo ya njano, shina lenye vinyweleo vinavyonata kwenye soksi. Mbuzi wa mji huu huishi kwayo wakati wa kiangazi, nyasi zinapokuwa karatasi.

Kila chembe ya mmea imebeba maandishi marefu ya urithi. Mahali fulani katika maandishi hayo herufi mbili au tatu hujirudia, kama mtu mwenye kigugumizi. Mmea huu hurudia mara nane, wa jirani mara kumi na mbili. Hiyo ndiyo alama. Tunakizidisha kipande hicho kwenye mashine, tunakipitisha kwenye jeli yenye umeme, kifupi kinakimbia mbele, kirefu kinabaki nyuma, na chini ya taa ya zambarau mistari inawaka.

Mara ya kwanza nilipoiona ikiwaka, nilinyamaza. Majani niliyoyachuma kando ya barabara ya Kinsevere, yaliyojaa vumbi la malori, mbele yangu yalikuwa ngazi za mwanga, kila mmea na ngazi yake. Papa Kalenga akaniangalia kwa wasiwasi.

"Unagonjwa? Leo hauulize kintu?"

"Naangalia tu, Papa."

"Angalia. Miye niko na miaka mingi hapa, na kila mara roho inasimama kidogo."

Ili mashine ipate mahali pa kuanzia, unahitaji vipande vifupi vya kuanzia vilivyotengenezwa kwa ajili ya mmea wako. Vya stilo hatukuwa navyo. Droo yetu ilikuwa na vya karanga, tulivyoachiwa na wageni waliopita. Papa Kalenga alisema vitafanya kazi, kwa sababu karanga na stilo ni ndugu. Nikauliza nani kasema. Akanitoa nje, akachuma ua la stilo, akavuka hadi kwenye tuta la karanga la mlinzi, akachuma ua la karanga, akayaweka viganjani mwangu. Yote mawili ya njano, yote mawili yamesimama juu ya kikonyo chembamba kama uzi. Nilirudi ndani na kufungua droo. Na vipande vile vilifanya kazi kweli. Shikeni hapo, kwa sababu mengine yote yametoka hapo.

Mwaka ninaousimulia, stilo ilianza kufa. Madoa meusi kwenye majani, kisha kwenye shina, kisha mmea wote unanyauka ukiwa umesimama. Ulikuwa ugonjwa wa ukungu. Mradi mmoja wa kilimo uliahidi mbegu mpya kwa wafugaji, kwa sharti kwamba kila mtu ang'oe stilo yake ya zamani kwanza, isiambukize. Sisi tulipewa swali moja: katika stilo hii ya zamani, kuna yoyote iliyo tofauti, inayostahili kuachwa?

Nilikwenda Naviundu na bahasha zangu. Nyumba ya mwisho kabla ya mto, nilikuta shamba la hatua thelathini kwa kumi na mbili hivi. Nalo lilikuwa na madoa meusi, lakini mahali mahali tu. Nikainama kuchuma.

"Eh! We mutoto! Unakata majani ya bantu bila kuomba?"

Alikuwa mwanamke mrefu, amefunga kitenge juu ya suruali ya kazi, mundu mkononi. Huyo ndiye Mama Numbi.

"Samahani, Mama. Naomba ruhusa."

"Usiombe miye. Omba mbuji. Beye njo benye shamba."

Mbuzi tisa, hao aliowaita wenye shamba, walikuwa wananitazama juu ya uzio. Niliwaomba, kwa kuwa alisubiri. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia habari ya shamba. Baba yake alikuwa dereva wa treni, mtu wa kaskazini. "Kila gare, kila stesheni, kwenye treni ilisimama kukamata maji, alikuwa anashuka. Kamina, Kabongo, Kabalo. Akiona majani yenye mbuji banapenda, anavuna mbegu, anaweka mu mufuko ya koti. Unaona hii? Haifanane na stilo ya jirani. Hapa iko magare yote."

"Mama, nani alimuona akivuna?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza nani aliona jua.

"Miye nilikuwa nafua ile koti."

Niliandika kwenye daftari: hadithi ya familia, haina ushahidi. Nikachuma mimea sita ya kwake, na kumi na mitatu kwa majirani.

Ijumaa umeme ulikatika tangu asubuhi. Tulikaa maabara bila kazi, na mtu akaleta mihogo mibichi na karanga mbichi, mlo wetu wa siku zisizo na umeme. Mimi nilitaka karanga za kuponda, za kutia kwenye mboga ya lengalenga jioni. Vinu vya kaure vilikuwa mbele yangu, vyeupe, vimepangwa. Nikaponda kwenye kimoja, nikajaza kingine, karanga zilikuwa nyingi. Nikaviosha kwa sabuni mara mbili na kuvifuta kwa kitambaa safi. Nilikuwa mtu wa usafi. Ningemhoji mtu mwingine yeyote aliyeniambia kinu ni safi. Hiki nilikuwa nimekiosha mwenyewe.

Jumatatu nilisaga majani ya stilo katika vinu hivyo hivyo viwili, nikiviosha kila baada ya mmea.

"Na hewa," akasema Papa Kalenga akipita.

"Nimesaga, Papa. Ilikuwa laini sana, haikunipa taabu."

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Jeli yetu ilikuwa na matundu ishirini: moja la kipimo, kumi na tisa ya mimea. Tyubu ya hewa ikakosa nafasi. Nikaiweka kwenye friji na kuisahau.

Mistari ilipowaka, yote ilikuwa sawa. Kumi na tisa, kimo kimoja, imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Ilikuwa jeli nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na hilo peke yake lilipaswa kunishtua. Jeli za stilo hazikuwa nzuri hivyo. Lakini nilikuwa na furaha ya mtu aliyeibomoa hadithi. Niliandika ripoti ya ukurasa mmoja, kwamba hakuna ya kuachwa, nikaenda Naviundu mwenyewe kumwambia.

"Mama, mistari yote ni sawa. Stilo yako na ya majirani ni aina moja."

"Sasa ile koti?"

"Labda koti ilikuwa na mbegu, Mama. Lakini mbegu ya aina moja."

"Weye uliona na macho yako?"

"Niliona."

Alizungusha mundu mkononi, akaligeukia shamba. "Basi. Miye sikusoma."

Siku nane baadaye Papa Kalenga alikuwa anapanga karatasi, akaikuta picha ya jeli. Aliisogeza karibu na miwani, akaisogeza mbali.

"Na hewa ilisema nini?"

"Haikupata tundu, Papa."

Alifungua friji, akatoa ile tyubu, akaiweka mezani mbele yangu kama sahani ya chakula. Niliizidisha, nikaipitisha kwenye jeli peke yake. Mstari ukawaka, mpana, kwenye kimo kile kile.

"Aa," akasema. "Hewa yako iko na baba na mama."

Kisha akachukua kinu kimoja, akakinusa, akapitisha kucha kwenye sakafu yake iliyokwaruzwa na miaka ya kusaga. "Uliponda nini humu?"

Nilimwambia. Akatoa karanga mbichi mfukoni mwake, akaisaga katika kinu kipya ambacho hakijawahi kuguswa, na mchana wa kesho yake tulikuwa nayo kwenye jeli, kando ya hewa yangu. Kimo kimoja. Vile vipande vya kuanzia vilitengenezwa kwa karanga, na vilipoikuta karanga, hata unga usioonekana kwenye mikwaruzo ya kaure, viliikimbilia na kuiacha stilo. Nilikuwa nimepima mlo wangu mara kumi na tisa.

Sitaki mdhani niliona aibu tu. Nilisimama pale na mwili ulinisisimka. Unga wa karanga usiojaa hata ukucha, uliopita sabuni mara mbili, ulikuwa umetoka wenyewe na kusema: niko hapa, mimi ni ndugu wa huyu unayemtafuta. Halafu nikamkumbuka Mama Numbi, nikavua koti la maabara na kupanda pikipiki.

Nilipofika, ardhi ilikuwa nyekundu, imegeuzwa kuanzia uzio hadi mtoni. Mizizi ilikuwa lundo, inafuka moshi.

"Umechelewa," akasema. "Balimaji balikuya kung'oa juzi."

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Kinu, karanga, hewa, kila kitu. Sikuacha kitu. Alisikiliza huku akivunja vijiti vya uzio vipande vipande.

"Kwa hiyo haukuona stilo yangu."

"Sikuiona, Mama. Niliona karanga."

"Weye uliniuliza nani alimuona baba. Na weye, nani alikuona ukiosha kinu?"

Aliingia kwa mbuzi wake na kunifungia kijimlango usoni.

Bahasha zilikuwa bado na majani makavu. Papa Kalenga alivunja vinu vyote vya zamani kwa nyundo, kimoja baada ya kingine, akafungua sanduku la vipya alivyokuwa ameviweka akiba. Tulirudia kila kitu. Hewa, safari hii, ilikuwa giza tupu. Mimea yote kumi na mitatu ya majirani ilikuwa na ngazi moja. Mimea sita ya Mama Numbi ilikuwa na ngazi tano tofauti.

Ngazi tano katika shamba la hatua thelathini. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, na sijawahi kuwa na maumivu ya aina ile: picha safi kabisa ya kitu nilichokuwa nimeshakiua.

Nilimpelekea. Alifuta mikono kwanza, kisha akaishika picha kwa pembe zake.

"Kamina njo gani?"

"Sijui, Mama. Mistari inasema ni koo tofauti. Haisemi gare."

"Basi mistari yako haiyasafiri bado."

Ripoti niliifuta kwa barua yenye jina langu, na barua hiyo imo kwenye faili la bluu, ukurasa wa mwisho, isomeni. Lakini barua hailishi mbuzi, na mbuzi hawaili. Mradi ulikuwa unasubiri mvua ili kugawa mbegu mpya, na kiangazi kilikuwa hakijaisha. Kila Jumamosi nilipanda baiskeli kutoka shamba la chuo chetu na mzigo wa majani ya viazi vitamu. Majuma mawili ya kwanza aliupokea mzigo mlangoni. La tatu akanipa kiti. La nne akanipa mundu, akisema mkono wangu unakata kama unaandika.

Mbuzi walikonda hata hivyo. Mmoja aliyekuwa na mimba, mimba ilimharibika. Mama Numbi hakunilaumu kwa hilo, alinionyesha tu mahali alipomzika yule mdogo.

Mvua zilishuka mwezi wa kumi na moja. Juma la tatu la mvua simu ikalia nikiwa mezani.

"Mutoto, kuya. Leta bakaratasi yako."

"Nije? Kuna nini, Mama?"

"Nimesema kuya."

Hakunipeleka kwenye shamba la zamani. Alinipeleka upande wa pili wa nyumba, kwenye matuta ya lengalenga. Alikuwa ameyawekea mbolea iliyolundikana zizini tangu kabla ya kung'oa, kama kila mwaka. Kati ya lengalenga, chini yake, juu yake, pande zote, kulikuwa na miche midogo ya majani matatu matatu. Sikuweza kuihesabu. Nilipiga magoti. Kwenye bonge moja la samadi, si kubwa kuliko dole gumba, miche minne ilikuwa imetokea pamoja, imesukumana kama watoto dirishani.

"Mbuji balichunga," akasema Mama Numbi nyuma yangu. "Mu tumbo."

Nilijua jambo hilo. Limo katika kila kitabu cha malisho: mbegu ya stilo ina ganda gumu, meno hayaimalizi, tumbo la mnyama hulilainisha tu, na mbegu hutoka ikiwa tayari kuota. Nililijibu kwenye mtihani na kupata alama zote. Miezi mitatu nilikuwa nimelia juu ya shamba lililokufa, huku lenyewe likitembea uani kwa miguu thelathini na sita, likinitazama kila Jumamosi juu ya uzio.

Niliomba ruhusa. "Sasa unajua," akasema, na akachuma pamoja nami, mche mmoja, bahasha moja, arobaini.

Kulikuwa na ngazi saba. Mbili hatukuwa tumewahi kuziona, kwa sababu mimea sita niliyochuma mara ya kwanza haikutosha kusema kwa niaba ya shamba zima. Papa Kalenga alikaa mbele ya taa ya zambarau hadi macho yakamtoka machozi, akavua miwani, akaivaa tena. Alisema neno moja tu, la Kiluba, ambalo hakukubali kunitafsiria.

Tulihamisha miche kurudi kwenye ile ardhi nyekundu, mmoja mmoja, tukipiga magoti. Nilitaka kila ukoo uwe na mstari wake, na kibao chake. Mama Numbi alikataa, akapanda jinsi mkono ulivyookota. Mbegu mpya ya mradi nayo aliichukua, akaipanda ukingoni. "Mugeni anakalaka karibu na mulango," alisema.

Mwaka uliofuata madoa meusi yalirudi. Nilikwenda na daftari, nikaingia katikati ya shamba, likanifika magotini. Nilikuwa na hofu ya kweli. Nikaanza kuhesabu. Mmoja mweusi, amekufa amesimama. Wa pili kijani. Wa tatu ana madoa lakini anachipua juu yake. Wa nne, wa tano, kijani. Nikafika mahali ambapo shina jeusi na shina bichi vilikuwa vimetoka katika tundu moja, kutoka bonge moja la samadi, mizizi imefungamana hata usingeweza kumng'oa mmoja bila mwingine. Mvua ile ile ilikuwa imewanyeshea, upepo ule ule umewaletea ugonjwa ule ule. Huyu alikuwa mkavu. Huyu alikuwa na maua.

Niliinua macho nikaona nimesimamiwa na mundu.

"Ondoka mu njia," akasema Mama Numbi. "Mbuji iko na njala."